Nyimbo za Mchana

Gazetini walimwita Sikio, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila Ijumaa alikuwa na nusu ukurasa wa kuhakiki albamu mpya, na si za wale wakubwa ambao picha zao zimebandikwa kuta za mji mzima. Hao aliwaachia wengine. Yeye alishughulika na nyimbo za kienyeji, muziki wa nchi za mbali, vijana waliojirekodia chumbani kwa gharama zao, wazee waliokutwa wakiimba shambani, bendi ambazo hata majirani zao hawana habari nazo. Wenyewe walimletea kazi zao kwa hofu. Akikusifu, wiki hiyohiyo unaitwa redioni. Akikuponda, basi, tafuta shughuli nyingine.

Na kuponda alijua, asikudanganye mtu. Kuna kijana wa filimbi aliwahi kuandikiwa kwamba filimbi yake ina kipaji kikubwa, tatizo ni mpulizaji. Kijana akaacha muziki, akafungua duka la vipuri vya baiskeli. Watu walipomlaumu Sikio, alijibu kwamba duka lenyewe ni zuri na mji ulikuwa na shida ya vipuri. Ulimi wa upanga, lakini mtu wa haki. Hakupokea zawadi, hakumbeba rafiki, na alikuwa na kanuni ambayo hata mhariri hakuthubutu kuigusa: albamu husikilizwa mara tatu ndipo kalamu ishikwe. Kuhukumu kwa kusikiliza mara moja, alisema, ni kumposa mtu uliyemwona kwa nyuma.

Sasa siku moja mwanzoni mwa wiki akakuta bahasha mezani kwake. Ndani mna flashi tu, imebandikwa karatasi yenye maneno matatu: Nyimbo za Mchana. Hakuna jina la mwimbaji, hakuna namba ya simu, hakuna ile barua ndefu ya kumwomba huruma ambayo kwa kawaida aliitupa bila kuisoma. Hilo likamvutia. Akavaa hedifoni zake, akasogeza chai karibu, akabonyeza.

Chai ile haikunywewa. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya juu, nyepesi, safi, na nyuma yake hapakuwa na chombo chochote isipokuwa vidole vikigonga ubao. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kutwanga. Wa pili ulikuwa wa mtu anayemwita mwenzake naye haitiki. Lahaja ya nyimbo ilikuwa ya zamani, ya wale bibi zetu, lakini maneno hakuwahi kuyasikia popote, na yeye alikuwa amesikia mengi. Binti wa miaka ishirini na kitu, alijiambia, na Mungu amempa koo ambalo hata hajui thamani yake. Nywele za mikono zilimsimama. Alifurahi, kusema kweli. Furaha ya namna hiyo ndiyo iliyomfanya avumilie mshahara wa gazeti lile.

Ukaja wa nne. Katikati ya wimbo binti akanyamaza, kama anavuta pumzi ya mwisho kabla ya kusema neno zito, na katika ule ukimya Sikio akasikia kitu kinanguruma kwa mbali. Kikanguruma, kikazimika, kikagonga ukuta: gu, gu-gu.

Akageuka nyuma kuangalia friji.

Friji haikuwepo. Ofisi ile haikuwa na friji tangu mhasibu alipoichukua kwenda kuitengeneza, nayo ikatengenezekea nyumbani kwake. Sikio akarudisha wimbo nyuma. Gu, gu-gu. Akarudisha tena. Friji yake ya nyumbani, tangu walipohamia pale, ilikuwa na mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha boksi, na kila injini ilipozimika ilitikisika ikaupiga ukuta namna ileile. Akasema moyoni, friji mbovu ni nyingi duniani, acha wazimu. Akaendelea na wimbo wa tano. Mwishoni, kabla sauti haijakatwa, mlango ukafunguliwa. Ukalia kwanza juu, halafu chini, kama mtu anayeuliza swali kisha akajijibu. Ule ulikuwa mlango wake wa nyuma. Angeutambua katika milango mia.

"Vipi, Sikio," akasema mwandishi wa michezo wa meza ya pili. "Umekuwa mweupe. Umesikia mzimu?"

"Nimesikia friji."

"Friji nayo siku hizi inaimba?"

"Inaitikia," akasema, na hakucheka.

Maana akili yake ilishafika nyumbani kabla ya miguu. Nyimbo za Mchana. Mchana yeye yuko kazini. Watoto wako shule ya bweni. Mumewe ni fundi wa redio na spika, kibanda chake hakiko mbali na nyumbani, naye ana maikrofoni, ana nyaya, ana kila kitu cha kumrekodia mtu. Kwa hiyo mchana, yeye akiwa hapa anakodoa macho kwenye kompyuta, kuna binti mwenye koo la dhahabu anaimba sebuleni kwake. Na mtu haanzi kwa kuimba. Kuna mambo hutangulia wimbo na kuna mambo huufuata. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na yeye nguo hiyo alikuwa ameivaa miaka yote bila kujikuna.

Niseme wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakumwambia mtu: aliogopa. Kila kitu maishani alikitilia shaka, waimbaji, wahariri, wauza nyanya, hata utabiri wa mvua. Mume wake tu ndiye hakuwahi kumtilia shaka. Fundi alikuwa mtu mpole, mchache wa maneno, anayeweza kukaa jioni nzima na bisibisi mkononi akitabasamu na waya. Hapo ndipo alipopumzikia. Hapo pakiondoka, hakujua angeilaza wapi roho yake.

Akafika nyumbani jioni akamkuta mama mkwe anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

Mama mkwe alihamia kwao baada ya kumzika baba mkwe. Mwanamke mwembamba, mtaratibu, mwenye sauti nzito ya kukwaruza kiasi kwamba kwenye simu watu humwita baba, naye huwaacha waendelee tu. Walipatana. Alipoumwa mguu ni Sikio aliyemwogesha, aliyemkanda, aliyemlisha, na hakuona kazi. Sasa Sikio akapita moja kwa moja jikoni, akasimama mbele ya friji na mkoba bado begani.

"Unamsubiri nani hapo?" mama mkwe akauliza kutoka sebuleni.

"Nasubiri friji izime."

"Imeharibika?"

"Hapana, mama. Nataka tu kuisikia."

Mama mkwe akamtazama kwa muda, halafu akainamisha kichwa kwenye ungo na kuanza kuchambua haraka haraka. Sikio aliliona hilo. Friji ikazimika: gu, gu-gu. Akaenda kuufungua mlango wa nyuma, ukauliza na kujijibu. Akaufunga taratibu.

Chumbani mambo yakawa mabaya zaidi. Shuka lilikuwa limechomekwa, lakini si kwa mkono wake. Yeye hukunja pembe, na pembe hazikukunjwa. Akalivua. Godoro lilikuwa limegeuzwa. Lile doa la chai la zamani, ambalo siku zote lilikuwa upande wa miguuni, sasa liko upande wa kichwani, na ubavuni mwa godoro kuna mchirizi mweupe wa chokaa, dalili kwamba limeburutwa na kusuguliwa ukutani. Jamani, godoro halitembei. Godoro hutembezwa, na anayelitembeza ana sababu. Sikio akakaa sakafuni, akalitazama doa lile kana kwamba ndilo litakalotaja jina.

Wakati wa chakula akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Mchana wa leo kuna mgeni alikuja?"

Fundi akamtazama mama yake. Mama akamtazama Fundi. Haikuchukua hata muda wa kumeza tonge, lakini kwa mtu mwenye masikio yale na macho yaliyochokozwa, ulikuwa ushahidi wa kutosha.

"Mgeni aje kufanya nini?" akasema Fundi.

"Tulikuwa wenyewe," akasema mama mkwe, kisha akakohoa, akanywa maji, akauliza habari za watoto shuleni.

Kumbe na yeye yumo. Hilo ndilo lililomkata maini Sikio. Mama mkwe hatoki nyumbani. Binti akija, yeye ndiye anayemfungulia. Binti akiimba, yeye ndiye anayekaa barazani kuchunga njia. Damu nzito kuliko maji, sawa, lakini maji haya ndiyo yaliyokuogesha ulipokuwa huwezi kusimama. Akala ugali wake kimya, akaosha vyombo kimya, na Fundi alipomuuliza kama anaumwa, akasema kichwa.

Kesho yake mchana akatoka ofisini bila kuaga, akaenda kibandani kwa mumewe. Kufuli. Jirani yake, mshona viatu, alikuwa amekaa kwenye kigoda na misumari mdomoni.

"Karibu, shemeji. Fundi yuko kwa mteja."

"Mteja gani?"

"Ah, mimi nitamjua wapi? Ni huyohuyo wa kila mchana. Anabeba maiki yake na nyaya, anakwenda." Mshona viatu akatoa misumari mdomoni ili apate kucheka vizuri. "Na siku hizi ana furaha huyo bwana. Akirudi hapa anapiga mluzi mpaka jioni. Sijui mnampa nini huko nyumbani."

Halafu akauona uso wa shemeji yake, akairudisha misumari mdomoni mmoja mmoja na kuinamia kiatu.

Kutoka pale hadi nyumbani si mbali. Angekwenda, angefungua mlango, shauri lingekwisha palepale. Hakwenda. Unaweza kumcheka, lakini mtu akishaliogopa jibu hukwepa swali. Akarudi ofisini, akakaa mezani, akaitoa flashi kwenye droo. Hakuvaa hedifoni. Alikuwa ameisikiliza albamu mara moja na robo, na hapohapo, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, akaanza kuandika kabla ya mara ya tatu.

Yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Aliandika kwamba Nyimbo za Mchana ni sauti nzuri isiyo na mwenyewe. Kwamba binti huyu, ambaye hata jina ameona aibu kutupa, anaimba msiba kama mtu aliyeuchungulia dirishani. Anamlilia maiti ambaye hakumzika, anatwanga nafaka ambayo hakuilima. Kwamba kila wimbo unanuka wizi, wizi wa machozi ya wanawake watu wazima waliostahili kuyalia wenyewe. Na akamalizia hivi: "Ushauri wangu, binti, ni mmoja. Zima maiki, rudi kwenu, ukaishi kwanza. Ukishaishi, njoo utuimbie. Na unapoondoka, ufunge vizuri mlango wa watu."

Mhariri aliisoma akiwa amesimama.

"Hii kali," akasema. "Mpaka mimi nimeogopa. Umemsikiliza mara zako tatu?"

"Nimemsikia vya kutosha."

"Haya. Ila mlango wa watu ni mlango gani?"

"Ni fumbo."

"Sikio halizidi kichwa," akasema mhariri kwa utani, maana ndiyo methali yake ya kumchokozea siku zote, akaipeleka kwa wapanga kurasa.

Ijumaa gazeti likatoka. Simu zikapigwa tangu asubuhi. Mmoja akasema ameicheka mpaka machozi, mwingine akauliza albamu yenyewe inapatikana wapi, anataka kujua ubaya wake. Mwandishi wa michezo akamwita bondia. Sikio akashukuru, akapokea, akajibu, na ndani yake hakuna kilichotulia. Alidhani akimpiga yule binti atapata nafuu. Kumbe hasira hasara; alikuwa amempiga kivuli, na mwenye kivuli bado yuko nyumbani kwake, na ni mchana.

Hapo ndipo alipoinuka. Liwalo na liwe, alisema, na safari hii miguu ikakubali.

Mtaani kwao jua lilikuwa limewaingiza watu wote ndani. Alipofika mbele ya nyumba akaona dirisha la sebule limezibwa kwa ndani na kitu kikubwa, na akakijua mara moja, kwa sababu doa la chai lilikuwa linamtazama kupitia kioo. Godoro lake. Wamelisimamisha dirishani ili watu wasione. Kisha, kwa nyuma ya godoro, akasikia sauti.

Ilikuwa ni yeye. Sauti ileile, ila bila nyaya na bila mashine, nayo ilikuwa nzuri kuliko kwenye flashi, Mungu amsamehe. Wimbo ulikuwa mpya. Ulikuwa unawaita watu wawili kwa majina yao ya utotoni, waje kula kabla chakula hakijapoa, na kila mstari ukiwaita upya, na hawaji. Sikio alisimama pale na ufunguo mkononi, akataka kukaa chini kwenye kizingiti asikilize mpaka mwisho. Hilo likamzidishia hasira. Akaingiza ufunguo, akausukuma mlango.

Sauti ikakatika. Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni kati ya nyaya. Mablanketi yalikuwa yametundikwa ukutani, kumeza mwangwi kama lile godoro. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti kilichoelekezwa kwenye godoro, hedifoni juu ya kilemba chake, maikrofoni mbele ya mdomo. Hapakuwa na mtu mwingine.

Sikio hakusalimu. Akapita chumbani, akafungua kabati, akainama chini ya kitanda kisicho na godoro, ambapo hata panya angekosa pa kujificha. Akaenda bafuni, akavuta pazia. Akaenda jikoni, akafungua mlango wa nyuma, akaangalia uani kushoto na kulia. Akarudi sebuleni anahema.

"Yuko wapi?"

"Nani?" akauliza Fundi.

"Anayeimba."

Fundi akamtazama mama yake. Mama mkwe akavua hedifoni pole pole, akazilaza mapajani.

"Ni mimi, mwanangu," akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, ya baba wa kwenye simu.

"Mama, nakuomba. Usimfichie mwanao. Nimesikia kwa masikio yangu."

Mama mkwe hakubishana. Alifunga macho, akanyoosha shingo kidogo, akaimba mstari mmoja tu wa ule wimbo wa kuwaita watu waje kula. Sauti ikatoka kwenye kifua kile chembamba, ya juu, nyepesi, safi. Miaka yote ya kazi yake Sikio alikuwa anawaambia wasomaji kwamba sauti ya kusema na sauti ya kuimba hukaa vyumba viwili tofauti. Aliwaambia wao. Yeye mwenyewe alikuwa amelala ukuta mmoja na mwanamke huyu na hakuwahi kubisha hodi katika chumba cha pili.

"Umetuharibia," akasema Fundi, lakini anacheka, uso wake wote unang'aa. "Tulitaka kukwambia jioni, ukirudi. Kaa, kaa. Mama alikuwa akiimba jikoni ukishaondoka, nikamsikia siku moja nimerudi kuchukua koleo. Nikamwambia turekodi. Akakataa mpaka nikachoka. Halafu akasema sawa, lakini kwa sharti moja, ipelekwe kwako bila jina."

"Ungejua ni mimi ungenihurumia," akasema mama mkwe. "Marehemu hakupenda mke wake asikike barabarani. Nikawa naimba akiwa ametoka, mchana, nikisikia hatua zake nanyamaza. Nikazoea hivyo. Sasa nimebaki peke yangu na sauti hii, na wa kumuuliza ni mwanangu tu, naye atasema nini zaidi ya 'nzuri, mama'? Wewe husemi uongo. Nilitaka kujua kabla sijafa kama ilikuwa sauti au kelele."

Gazeti lilikuwa juu ya meza. Limekunjwa vilevile lilivyotoka dukani.

"Sijalifungua," akasema Fundi. "Amenikataza. Asubuhi nzima anazunguka nalo."

"Herufi ndogo siku hizi siziwezi. Na huyu akisoma ataruka yaliyo mabaya, namjua." Mama mkwe akalichukua gazeti kwa mikono miwili, akamkabidhi mkwewe. "Nisomee wewe. Umeandika mwenyewe."

Sikio akalifungua. Nusu ukurasa, jina lake juu. Akasafisha koo.

"Nyimbo za Mchana," akasoma, "ni albamu yenye... ni sauti nzuri, ni sauti ambayo, kwa kweli, imetushangaza..."

"Unasita," akasema mama mkwe. "Soma kilichoandikwa."

Akaona hakuna njia. Angeweza kubuni, alikuwa na maneno ya kutosha, lakini mwanamke yule alikuwa amejiinamia akisikiliza kwa namna ambayo Sikio mwenyewe husikiliza, na asiye wa kudanganywa hadanganyiki. Akasoma. Akasoma sauti isiyo na mwenyewe. Akasoma msiba wa kuchungulia dirishani, na maiti ambaye hakumzika, na nafaka, na wizi wa machozi. Kicheko cha Fundi kilikuwa kimekwisha zamani. Alipofika kwenye "ukaishi kwanza" akaliteremsha gazeti.

"Endelea," akasema mama mkwe.

"Ukishaishi, njoo utuimbie. Na unapoondoka, ufunge vizuri mlango wa watu."

Mama mkwe alikuwa anaitazama mikono yake. Mume alimzika juzijuzi tu. Wale wawili wa kwenye wimbo, walioitwa kwa majina ya utotoni, walikuwa ndugu zake Fundi, walioondoka wadogo kwa ugonjwa mmoja, na Sikio alilijua hilo tangu alipoolewa. Majina yenyewe alishayasikia. Alikuwa amesimama dirishani dakika chache zilizopita akiyasikia, na hakuyasikia.

"Niishi tena?" akasema mama mkwe, taratibu, si kwa kulalamika. Aliuliza kama anayeulizia njia.

"Mlango wa watu gani?" Fundi akauliza.

Sikio akageuza ukurasa, akaurudisha.

"Nakuuliza. Umeandika ufunge mlango wa watu. Mlango gani?"

"Nilisikia friji," akasema Sikio. "Nikasikia mlango wetu. Nikajua imerekodiwa hapa. Nikaona godoro limegeuzwa. Nikadhani..." Akalikunja gazeti, likagoma kukunjika. "Nilidhani una mwanamke. Nilidhani unamleta hapa mchana."

"Hapa."

"Ndiyo."

"Na mama yangu amekaa hapa."

"Nilidhani mama anajua."

Fundi akainuka. Alikusanya nyaya zake, akaziviringisha mkononi kama afanyavyo kila siku, kiwiko na kiganja, bila haraka, na hakumtazama mkewe hata mara moja. Akavaa kofia. Alipotoka aliufunga mlango kwa utaratibu mkubwa, na ule utaratibu ulimuuma Sikio kuliko kama angeubamiza.

"Nimfuate?" akauliza.

"Muache kwanza."

"Mama, nisamehe. Nimekosa. Wiki ijayo nitaandika tena, nitasema nilikosea, nitasema ukweli wote. Hii sauti yako, mama, mimi sijawahi kusikia..."

Mama mkwe akainua kiganja.

"Mume wako nitamtuliza mimi," akasema. "Ana hasira za baba yake, zinakaa siku kadhaa halafu zinaondoka zenyewe. Nimemzaa, najua pa kumshika. Wewe usiogope, nyumba yako ipo." Akavuta pumzi, na ile sauti nzito ya kukwaruza ikashuka zaidi. "Lakini mimi, mwanangu, mimi nitatulizwa na nani?"

Sikio, aliyekuwa na neno kwa kila mtu kila Ijumaa, akatafuta hata moja asilipate. Mama mkwe alisubiri kidogo, kwa adabu, kama anayempa mgeni nafasi ya kumaliza kula. Kisha akashika mkono wa kiti, akainuka, akaenda uani kuanua nguo.